Kupanga safari ya Jumamosi na Jumapili msimu wa Kusi: mwongozo kwa manahodha na marubani wa Unguja na Pemba

Mwezi wa Julai, saa 12 asubuhi, maji ya bandari ya Malindi, Unguja, yamelala na mfuko wa upepo pale uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume unaning'inia tu. Saa 7 mchana wa siku ileile, mashua ndogo haitamani kupita kisiwa cha Chumbe, na rubani anayetua Pemba anapambana na upepo wa ubavuni. Baina ya saa hizo mbili hakuna hali ya hewa mpya iliyoingia. Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ilikuwepo tangu usiku, ila ilikuwa inapita juu. Kwa hiyo safari ya mwisho wa wiki haipangwi kwa kutazama bahari asubuhi ya kuondoka. Hupangwa kuanzia Jumatano, kwa namba, na asubuhi ikifika huwa ni ya kuhakikisha.

Maelezo haya ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati Kusi imekaza. Wakati wa Kaskazi hesabu ni nyingine. Vimbunga pia tuviache pembeni: msimu wake katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi ni Novemba hadi Aprili. Hidaya ya Mei 2024 ilitukumbusha kuwa mpaka huo si ukuta, lakini katikati ya Julai kinachokusumbua ni Kusi yenyewe na wimbi lake.

Kwa nini asubuhi hudanganya

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari. Hewa iliyo karibu na ardhi inakuwa baridi na nzito, inakaa chini, na Kusi inateleza juu yake bila kuigusa. Karibu na pwani ya magharibi ya Unguja unaweza hata kupata umande, upepo mwepesi unaotoka nchi kavu. Jua likipanda, ardhi inapata moto, hewa ya chini inapanda na ile ya juu inashuka na kasi yake yote. Hapo ndipo, kuanzia saa 4 au saa 5, upepo unakuja kwa mikupuo, yaani kwa kupiga ghafla na kulegea, kisha unakaza hadi alasiri.

Linalofuata hapo lina faida kwa nahodha na rubani pia: upepo wa futi 2,000 alfajiri ni habari nzuri kuliko upepo wa chini. Ikiwa futi 2,000 kuna noti (maili za bahari kwa saa) 28 na chini kuna noti 5, mikupuo ya mchana itakaribia ile 28. Nahodha mwenye jamaa anayeruka ndege asione haya kumpigia simu akishatua safari ya kwanza. Rubani naye akipita baharini asubuhi ahesabu povu: mawimbi yenye vilele vyeupe hapa na pale ni noti 11 hadi 16, vilele vyeupe kila upande ni 17 na kuendelea.

Tahadhari moja. Utulivu huu wa alfajiri ni wa karibu na nchi. Kwenye uwazi baina ya Ras Nungwi na Pemba hakuna ardhi ya kupoa, na Kusi hupungua kidogo tu usiku. Anayepima hali ya uwazi ule akiwa amesimama ufukweni Nungwi alfajiri anapima kitu kingine.

Jumatano: tazama mbali kusini

Kusi yetu inasukumwa na mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene. Kipupwe ndipo unapokuwa na nguvu. Kila baridi kali inapopita kusini ya Afrika, nyuma yake hufuata mgandamizo mkubwa mwingine, unajiunga na ule wa Mascarene na kunyoosha ulimi wake kupitia Mlango wa Msumbiji. Siku mbili au tatu baadaye, sisi huku Kusi inakaza.

Kwa hivyo Jumatano usiku fungua ramani ya mgandamizo wa hewa, programu yoyote ya simu inayoonyesha mistari ya mgandamizo inatosha, na tafuta mambo mawili. La kwanza, namba ya katikati ya mgandamizo wa Mascarene: hektopaskali 1024 ni kawaida ya msimu, ikipita 1030 jitayarishe. La pili, mistari baina ya Madagaska na pwani ya Msumbiji: ikikaribiana, upepo utakuwa mkali, ikiachana, mwisho wa wiki una nafasi. Jambo la pili lina uzito zaidi kuliko la kwanza. Mgandamizo wa 1034 uliokaa mbali mashariki unaweza kutuacha na Kusi ya wastani, na 1028 yenye ulimi ndani ya Mlango wa Msumbiji ikatufungia bandari.

Usiandike uamuzi siku hiyo. Andika tu: "inakaza", "inabaki" au "inalegea".

Alhamisi na Ijumaa: taarifa ya TMA na namna ya kuigeuza

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa kila siku na, kwa hali mbaya, taarifa ya siku tano. Maneno yake yana daraja: angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Chini yake kuna mistari miwili ambayo wengi huiruka, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Angalizo lenye uwezekano mkubwa lina uzito kuliko angalizo lenye uwezekano mdogo, hata rangi ikiwa ileile.

Taarifa hutumia kilomita kwa saa, na vyombo vyetu vinahesabu kwa noti. Gawa kwa 1.85. Kilomita 30 kwa saa ni noti 16. Kilomita 40 ni karibu noti 22, na hapo bahari imeshachafuka kweli. Kilomita 50 ni noti 27. Aliyezoea kusikia "noti 20 ni nyingi" husikia "kilomita 40" na moyo wake ukatulia bila sababu, kwa kuwa 40 ya gari ni mwendo wa pole.

Urefu wa mawimbi nao una mtego wake. Wimbi la mita 2 katika utabiri ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Ukikaa baharini saa kadhaa, moja litakaribia mara mbili ya namba hiyo, yaani karibu mita 4 kutoka bonde hadi kilele. Mashua ya mita 7 haizamishwi na wimbi la wastani; inazamishwa na lile moja lililokuja mashine imepunguzwa na watu wamekaa upande mmoja.

Taarifa ya tahadhari hutaja ukanda mzima: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Mafia, Unguja na Pemba kwa pamoja. Haikutenganishii Fumba, kusini ya Unguja, na Ras Kigomasha, kaskazini ya Pemba. Kazi ya kutenganisha ni yako, na hapo ndipo modeli za utabiri zilizo kwenye simu zinapoingia. Tazama mbili, ECMWF ya Ulaya na GFS ya Marekani. Ya kwanza inagawa dunia kwa visanduku vya kilomita 9 hivi, ya pili, kwa data inayosambazwa kwenye programu, karibu kilomita 28, na Unguja upana wake haufiki kilomita 40. Kwa GFS kisiwa chetu ni visanduku viwili vitatu tu, haijui kuwa Malindi imekingwa na kisiwa na Kizimkazi iko wazi. Modeli mbili zikikubaliana kwa noti 3 au 4, chukua namba kubwa. Zikiachana kwa noti 8, maana yake ni kwamba kesho kutwa bado haijulikani, na aliye na abiria asiahidi kitu. Kila mara tazama mstari wa mikupuo badala ya mstari wa wastani. Tanga linapasuliwa na mkupuo.

Maji: hesabu ya mwezi kabla ya hesabu ya upepo

Hapa wenyeji wana faida, kwa sababu tarehe ya mwezi mwandamo inajulikana kila nyumba. Mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua. Siku hizo, kwa Unguja, maji hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na kujaa kunaangukia asubuhi, saa 4 hivi. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye bamvua inakaribia mita 4. Kwenye maji mafu ni mita 1 na kitu. Kwa dakika kamili tumia jedwali la maji, lakini hesabu ya kichwa inatosha kujua umekabiliwa na mwisho wa wiki wa aina gani.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya Kusi. Pwani ya mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu, Matemwe, unatoka na kuingia kwa milango ya mwamba. Wakati mwema wa kupita mlangoni ni saa ya mwisho ya kujaa: maji ni mengi na mkondo umelegea. Wakati mbaya ni katikati ya kupwa, maji ya ndani yanapotoka kwa nguvu na kukutana na wimbi la bahari kuu usoni; wimbi linasimama wima na kuumuka mlango mzima. Wimbi lililokuwa linapita kwa upole saa mbili nyuma linakuwa ukuta.

Mwisho wa wiki wa bamvua, basi, unakupa kujaa saa 10 alfajiri, giza tupu, au saa 10 alasiri, Kusi imekaza. Kupwa kunachukua asubuhi yote, saa zile ambazo upepo ungekuwa mwema. Mwisho wa wiki wa maji mafu ni kinyume chake: kujaa saa 4 asubuhi, mkondo dhaifu, unatoka kabla upepo haujashuka. Kama ratiba inakuruhusu kuchagua baina ya Jumamosi mbili kwa kazi ya nje ya mwamba wa mashariki, chagua ya maji mafu, hata utabiri wake ukiwa na noti 3 zaidi.

Upande wa magharibi kanuni ni moja: upepo na mkondo vikienda njia moja wimbi hunyooka, vikipingana wimbi hufupika na kupanda. Kwa chombo kidogo, wimbi la mita 1 linalokuja kila sekunde 4 linachosha zaidi kuliko la mita 2 la sekunde 10.

Saa za Zulu, saa zetu

Marubani wanaijua TAF, utabiri wa hali ya hewa wa uwanja wa ndege. Manahodha wangefaidika nayo, maana ni utabiri wa saa kwa saa wa upepo wa Unguja. Kikwazo ni saa. TAF huandikwa kwa saa za Zulu, yaani saa za kimataifa (UTC), na sisi tuko saa tatu mbele yake, halafu tunahesabu saa kwa Kiswahili. Njia ya mkato: toa 3 kwenye saa ya Zulu, jibu ni saa ya Kiswahili moja kwa moja. 0600 Zulu ni saa 3 asubuhi. 0900 ni saa 6 mchana. 1500 ni saa 12 jioni. Ikiwa 3 au chini yake, ongeza 12 kwanza: 0000 Zulu ni saa 9 usiku. Jibu likizidi 12, toa 12.

Chukua mfano huu wa kujifunzia:

TAF HTZA 110440Z 1106/1206 18008KT 9999 FEW020 BECMG 1108/1110 16018G28KT TEMPO 1200/1204 4000 SHRA BKN014

HTZA ni Unguja. Imetolewa tarehe 11, saa 1 na dakika 40 asubuhi, na inafanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 asubuhi ya kesho yake. Inaanza na upepo wa digrii 180, noti 8. Baina ya saa 5 na saa 7 mchana unageuka kuwa digrii 160, noti 18, mikupuo noti 28. Kisha kuanzia saa 9 usiku hadi saa 1 asubuhi kuna vipindi vya mvua za mchoo, kuona mita 4,000, mawingu futi 1,400. Kwa nahodha: tanga kubwa hadi saa 5, baada ya hapo hapana. Kwa rubani wa safari ya kwanza ya tarehe 12: mita 4,000 ni chini ya kilomita 5 zinazotakiwa kwa kuruka kwa kuona, kwa hiyo ndege ya saa 12 na nusu asubuhi isiahidiwe kwa abiria kama kitu cha uhakika.

Baharini, njia kwa njia

Malindi hadi Mkoani, Pemba, ni maili 55 za bahari hivi. Karibu nusu ya kwanza, hadi Tumbatu na Nungwi, Unguja inakukinga na wimbi la kusini-mashariki, na ndiyo inayowapumbaza watu. Baada ya Ras Nungwi zimebaki maili 30 za uwazi. Fanya hesabu ya kawaida: chombo cha noti 8 kinachong'oa nanga Malindi saa 12 asubuhi kinafika Nungwi saa 3 na robo. Uwazi unakichukua hadi saa 7 mchana. Yaani kimetumia saa za utulivu mahali palipokingwa na kuingia mahali pa wazi wakati Kusi inashuka. Panga kinyume chake: lala Mkokotoni au Nungwi Ijumaa, vuka alfajiri, ingia Mkoani kabla ya saa 4.

Mkondo wa bahari hapo unaelekea kaskazini mwaka mzima, na Kusi inauongezea mwendo. Kwa noti 2, saa tatu za kuvuka zinakusogeza maili 6. Anayeelekeza omo (mbele ya chombo) Mkoani moja kwa moja hujikuta ametelezea kwenye kilindi cha Mlango wa Pemba, magharibi ya Misali, kisha anarudi kwa mbisho, yaani dhidi ya upepo. Shika mashariki ya lengo tangu mwanzo, na uangalie njia uliyopita kwenye GPS kila nusu saa badala ya kuangalia dira peke yake. Kurudi, noti 8 zinakuwa 6, na maili 30 zilizotaka chini ya saa nne zinataka saa tano. Mafuta yagawe mafungu matatu: fungu moja kwenda, moja na nusu kurudi, nusu haliguswi. Mashine ikizimika kwenye uwazi ule, upepo na mkondo vyote vinakupeleka upande wa Kenya, kwa hivyo nanga yenye kamba ndefu haitoshi, kilindi ni kirefu mno. Chukua nanga ya kuelea: turubai au ndoo mbili kwenye kamba ya mita 30, ifungwe omo ili chombo kitazame wimbi.

Malindi hadi Dar es Salaam, maili 40, ni mbisho mtupu. Kusini ya Chumbe kinga inakwisha. Hapo ndipo MV Skagit ilipopinduka tarehe 18 Julai 2012, katika upepo mkali na bahari iliyochafuka, na ilikuwa kubwa kuliko chochote kinachozungumzwa hapa. Kwa chombo kidogo ondoka saa 10 alfajiri, na weka alama ya kurudi: ukifika usawa wa Chumbe na tayari vilele ni vyeupe kila upande, geuza. Giza la saa hiyo lina hatari zake, dema na nyavu zisizo na taa, basi nenda nje ya njia za wavuvi hadi kuche.

Vyombo vya tanga vina mpaka wake. Tanga letu la pembe tatu halikunjwi kwa urahisi kama matanga ya kizungu, linabadilishwa. Kwa hiyo tanga dogo litwekwe bandarini, kabla ya kutoka, ukiona utabiri wa mikupuo ya noti 20. Kushusha foromali, mti unaoshika tanga, na kubadili tanga katikati ya uwazi, watu watatu, chombo kinakwenda mrama, ni kazi inayovunja mikono. Na kupindua foromali ukiwa na upepo wa tezi (wa nyuma) katika noti 22 usijaribu; tua tanga kwanza, geuza chombo, kisha tweka upya.

Mipaka tunayoishauri, kwa namba za mikupuo: ngalawa na mashua ndogo, noti 15 na wimbi la mita 1. Boti ya faiba ya mita 7 yenye mashine ya nje, noti 20 na mita 1.5 sehemu zilizokingwa, na pungufu ya hapo kwenye uwazi. Juu ya noti 22, yaani ile kilomita 40 ya taarifa, abaki nyumbani kila mwenye chombo chini ya mita 10.

Angani: Unguja si Pemba

Njia ya kurukia ya Unguja imelala 18/36 (yaani digrii 180 na 360), ina urefu wa mita 3,022, na Kusi inaipiga karibu usoni. Ya Pemba imelala 03/21 na ni nusu ya urefu huo. Rudi kwenye TAF ya mfano: digrii 160, noti 28. Unguja, pembe na njia 18 ni digrii 20, na upepo wa ubavuni ni theluthi moja, noti 9 au 10. Pemba, ukitua 21, pembe ni digrii 50, na upepo wa ubavuni ni robo tatu na kidogo: noti 21. Siku moja, upepo mmoja, uwanja mmoja rahisi na mwingine umepita noti 20 zilizoonyeshwa na mtengenezaji kwa Cessna Caravan, sembuse noti 15 za Cessna 172. Kushika kichwani: digrii 20 theluthi, 30 nusu, 50 robo tatu, 60 na zaidi chukua yote.

Kinachofanya Pemba kuwa ngumu zaidi ni vilima na miti. Upepo wa ubavuni ukivuka minazi unavunjika, na katika futi 50 za mwisho unaweza kupungua ghafla kisha kurudi. Ongeza nusu ya mkupuo kwenye kasi ya kukaribia: upepo wa 18 wenye mikupuo 28 una tofauti 10, ongeza noti 5. Zaidi ya hapo unakula urefu wa njia.

Juu kuna mkondo wa hewa wa Kusi, wenye nguvu zaidi baina ya futi 3,000 na 5,000. Unguja hadi Pemba ni maili 68, mwelekeo 031 hivi. Kwa upepo wa 165, noti 30, Caravan ya noti 160 inakwenda kwa dakika 23 na kurudi kwa dakika 30. Cessna 172 ya noti 110 inakwenda kwa dakika 32 na kurudi kwa 47. Kurudi ruka chini, futi 1,500, ikiwa mtikisiko unavumilika, kwa kuwa upepo ni mdogo huko. Kwenda panda juu uutumie. Mafuta yahesabiwe kwa safari ya kurudi, pamoja na akiba ya dakika 30 na ya kufika Tanga ikiwa Pemba imegoma.

Kimo cha mawingu ya mchana kinapatikana bila kifaa: toa joto la umande kwenye joto la hewa katika METAR (taarifa ya hali ya hewa ya sasa ya uwanja wa ndege), zidisha kwa 400. Ikiwa ni 28/22, tofauti 6, mawingu futi 2,400. Hesabu hii ni ya mawingu ya kupanda mchana tu. Mvua za alfajiri zinazotoka baharini mashariki hushusha mawingu chini ya hapo na hazifuati kanuni.

Barometa ya asubuhi

Katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku wenyewe: kilele saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini kabisa saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, tofauti ya karibu hektopaskali 3. Anayeona 1017 saa 4 ikawa 1014 saa 10 na kusema dhoruba inakuja amesoma saa, hakusoma hali ya hewa. Linganisha saa ileile ya jana na ya leo.

Na kipupwe usome kinyume na vitabu vya nchi za baridi. Huko barometa ikipanda ni habari njema. Hapa, saa 1 asubuhi ikiwa 1015 Ijumaa na 1017 Jumamosi, ulimi wa kusini umefika, na Kusi ya mchana itapita ya jana. Ongeza noti 4 au 5 kwenye namba ya utabiri kabla ya kuamua. Ikiwa sawa na jana, amini utabiri. Ikishuka kwa 2, upepo huenda ukalegea, ila mvua zikaongezeka.

Karatasi ya Ijumaa magharibi

Andika kwa kalamu, kabla mtu hajaanza kukuomba: mikupuo ya juu kabisa itakayokubaliwa, wimbi la juu kabisa, saa ya kujaa na kupwa, saa ya mwisho ya kupita Nungwi, Chumbe au mlango wa mwamba, kwa rubani, upepo wa ubavuni wa Pemba, na mahali pa kukimbilia. Jua linakuchwa kiasi cha saa 12 na dakika 20, na mahali pa kukimbilia pafikiwe kabla ya hapo. Nakala ibaki kwa mtu wa nchi kavu, pamoja na saa ambayo usipopiga simu yeye atoe taarifa KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo). Redio ya VHF ikae chaneli 16, na simu ndani ya mfuko usioingia maji.

Jumapili ndiyo siku inayoharibu hesabu. Watu wana kazi Jumatatu, harusi imechelewa kwisha, na boti inaondoka Mkoani saa 8 mchana kwa mbisho, maji yanapwa na jua limebaki saa nne. Uamuzi wa kurudi ufanywe Jumamosi baada ya isha, kwa utabiri mpya wa usiku huo: ama saa 11 alfajiri ya Jumapili, ama alfajiri ya Jumatatu. Abiria waambiwe hivyo kabla ya kulipa nauli ya kwenda.